Jikoni Tuulizane: Kitako cha piza kwa mtoto asiyetaka mboga

Maswali ya safari hii mengi yametoka kwa wazazi, na karibu yote yanahusu jambo moja: watoto wanaokimbia mboga lakini piza hawaikimbii. Je, ule mkate wa chini wa piza, yaani kitako, unaweza kutengenezwa kwa mboga na wakaula bila ugomvi? Unaweza. Vipimo vyetu ni kikombe cha mililita 250, kijiko cha mezani cha mililita 15 na kijiko cha chai cha mililita 5. Mwenye mizani ya jikoni afuate gramu, maana boga la leo na boga la kesho hayana maji sawa hata yakitoka genge moja.

Shikamooni. Nina watoto wawili, wa miaka mitano na minane. Mchicha hawagusi. Karoti za kwenye wali wanazichambua moja moja na kuzipanga pembeni ya sahani. Piza wanaimaliza. Nimesikia watu wanatengeneza kitako cha koliflawa. Nianzie hapo? – Mama wa wawili, Mbezi Beach

Marahaba, dada. Usianzie hapo. Koliflawa ilipata umaarufu kwa watu wazima wanaopunguza wanga. Haikuchaguliwa kwa kuwafikiria watoto. Ina harufu inayojitangaza ikiiva, na kitako chake ni laini, hakitafuniki kama mkate. Mtoto anayechambua karoti kwenye wali mara nyingi hakimbii ladha ya karoti. Anakimbia kukutana na kitu kigumu katikati ya kitu laini. Kwa hiyo kitako chenu cha kwanza kiwe mkate hasa, mboga ikiwa imepotelea ndani ya unga, isionekane wala kukutana na jino. Boga linaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mboga yoyote ya gengeni: lina utamu wake, halina uchungu, na rangi yake inaufanya mkate uonekane kama umetiwa mayai.

Chagua boga zito, gumu kukata, lenye nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea. Yale ya majimaji yenye nyuzi yaachie futari. Kwa vitako viwili vya upana wa sentimita 25 utahitaji boga lililomenywa gramu 400, unga wa ngano gramu 350 (vikombe viwili na robo tatu hivi), hamira kavu ya chenga gramu 5 ambayo ni kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kijiko cha chai kimoja, sukari kijiko cha chai kimoja, na mafuta vijiko viwili vya mezani.

Kata boga vipande vya sentimita tatu na ulipike kwa mvuke dakika 12 hadi 15, mpaka kisu kipite bila kusukumwa. Usilichemshe ndani ya maji. Linayanyonya, na itabidi uyatoe tena. Liponde, kisha lirudishe kwenye sufuria kavu, moto wa wastani kuelekea mdogo, ulikoroge dakika 10 hadi 12. Mvuke utapungua taratibu. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia yake ikabaki wazi sekunde mbili tatu kabla ya kujifunga, limekauka vya kutosha. Pima: uwe umebaki na gramu 250, yaani kikombe kimoja. Likizidi, endelea kukausha. Hatua hii wengi huiruka, halafu donge likiwa tope wanalimwagia unga mpaka boga linabaki rangi tu.

Liache lipoe mpaka kidole kivumilie bila shida, kwa sababu boga la moto linaua hamira. Changanya unga, hamira, sukari na chumvi, tia boga na mafuta, ukande dakika nane bila kuongeza maji. Donge linatakiwa kunata kidogo vidoleni lakini liachie bakuli. Likiwa gumu, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Likiwa tepetepe, ongeza unga kwa namna hiyohiyo. Funika liumuke. Kwa joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, dakika 45 zinatosha kuongezeka maradufu. Mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi yatakuambia saa moja na nusu. Ukiyafuata hapa donge litachacha na kunuka pombe.

Gawa mara mbili, sukuma kila moja iwe na unene wa nusu sentimita, itandaze kwenye bati lililopakwa mafuta. Oka peke yake dakika saba kwenye oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 220 (majiko ya gesi yenye namba ni namba 7). Uso ukauke lakini usibadilike rangi. Ndipo upake sosi, utie jibini na vikorombwezo vingine, urudishe dakika nane hadi kumi. Huku kuoka mara mbili kunakihusu kila kitako cha mboga cha oveni utakachokutana nacho kwenye ukurasa huu.

Mara ya kwanza weka juu yake kile wanachokula siku zote, jibini na soseji kama ndivyo walivyozoea. Ukibadilisha kitako na vya juu siku moja, wakikataa hutajua wamekataa nini.

Habari za kazi. Mimi koliflawa nimejaribu. Nilisaga nzima moja kwenye blenda, nikatia mayai matatu na kikombe cha jibini, nikatandaza kwenye bati na kuoka dakika 20. Kilitoka kama omleti iliyolowa, kikavunjika nilipokinyanyua. Kosa liko wapi? – Msomaji, Tabata Kimanga

Nzuri. Makosa yako matatu, na la kwanza ndilo lililoyabeba mengine. Koliflawa ni maji kwa asilimia 92 hivi. Katika kila gramu 500 ulizosaga, gramu 460 ni maji, nawe hukutaja popote kwamba uliyakamua. Yalipopata moto yakawa mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea chini ya bati, kitako kikachemka badala ya kuokwa.

La pili ni blenda. Inaivunja koliflawa mpaka inakuwa uji, na uji haukamuliki; unapita wote kwenye kitambaa. Tumia kikwaruzo cha karoti, upande wa matundu ya kati, upate punje za ukubwa wa mchele. Kama ni lazima blenda, isukume kwa kubonyeza na kuachia, kidogo kidogo.

La tatu, mayai. Yai moja linatosha kushika gramu 300 za koliflawa iliyokamuliwa. Ukitia matatu umepika omleti, na hiyo ladha ya yai ndiyo watoto wanayoigundua haraka.

Fanya hivi. Koliflawa iliyokwaruzwa gramu 500, vikombe vinne hadi vitano. Ipike kwa mvuke dakika nne au tano tu. Ikizidi hapo inatoa harufu ya salfa, ile inayofanana na yai bovu, na harufu hiyo haifichwi na kiungo chochote. Itandaze kwenye sinia bila kufunika, ipoe na kutoa mvuke dakika kumi. Kisha ikamue kwa nguvu zote. Kifumbu cha kukamulia tui kinafaa kuliko chochote kinachouzwa dukani. Kama huna, kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa. Kamua, igeuze ndani ya kitambaa, kamua tena. Maji unayotoa yafikie mililita 200, karibu glasi moja, na kilichobaki kiwe gramu 280 hadi 300. Ukikifinyanga mkononi kishikamane kama kashata ambayo haijakauka.

Changanya na yai moja, jibini ngumu au mozarela kavu iliyokwaruzwa gramu 60, unga wa muhogo vijiko vitatu vya mezani, pilipili manga kidogo. Chumvi robo kijiko cha chai, isizidi, jibini ina ya kwake. Unga wa muhogo una kazi yake: wanga unanyonya maji yaliyobaki na kuwa gundi unapopata moto. Unga wa mchele unaweza kushika nafasi yake, ila kitako kinakuwa cha kuvunjikavunjika kidogo.

Tandaza duara la sentimita 25 juu ya karatasi ya kuokea iliyopakwa mafuta, unene wa milimita sita au saba, kingo zikiwa nene kidogo kuliko katikati. Kingo nyembamba zinaungua kabla katikati hakujaiva. Nyuzi 210, dakika 18 hadi 20, mpaka kiwe cha kahawia pembeni na kikauke ukikigusa katikati. Funika kwa karatasi nyingine na bati la pili, pindua, bandua karatasi ya juu, rudisha dakika sita. Kiache kipoe dakika tano kabla ya kupaka chochote, kwa sababu jibini na wanga vinakaza vikipoa. Ukikinyanyua cha moto kitakatika hata kama ulifanya kila kitu sawasawa.

Karatasi ya kuokea ikikosekana, jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika na kupakwa mafuta linafanya kazi, ingawa pembeni litakauka na kuwa jeusi. Gazeti hapana: wino unahamia kwenye chakula.

Na kwa kuwa umefika hapa, angalia vya juu pia, maana kitako kizuri kinaweza kulowanishwa na sosi mbovu. Chemsha nyanya na kitunguu saumu mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria, kama lile boga la dada wa Mbezi. Kwa piza ya sentimita 25 vijiko vitatu vya mezani vya sosi vinatosha, na jibini gramu 80. Kitunguu, pilipili hoho na uyoga vikaangwe kwanza vitoe maji yake. Nanasi likamue.

Sina oveni, na sina mpango wa kununua. Nina jiko la gesi la plati mbili na jiko la mkaa. Nifanyeje? – Msomaji, Mbagala Rangi Tatu

Koliflawa isahau kwa sasa. Kitako chake kinahitaji hewa kavu ya moto pande zote, na kikaango kinatoa moto wa chini tu. Shika viazi vitamu, na ukivipata viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, ni bora zaidi. Rangi hiyo ni karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na watoto wanaipenda kwa macho kabla ya ulimi.

Pika kwa mvuke viazi vilivyomenywa gramu 350, viponde vikiwa vya moto kwa uma au kwa mchi. Hapa blenda ni marufuku kabisa. Visu vyake vinapasua chembe za wanga na viazi vinageuka ulimbo. Hakuna unga utakaourekebisha. Ukipata gramu 300 za viazi vilivyopondwa, tia unga wa ngano gramu 150, bekingi pauda kijiko cha chai kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai na mafuta kijiko kimoja cha mezani. Kusanya donge bila kulikanda sana, lipumzike dakika kumi. Viazi lishe vina maji mengi kuliko vile vyeupe, kwa hiyo huenda ukaongeza unga vijiko viwili. Gawa mara mbili, sukuma kila moja upana wa sentimita 22.

Kikaango kizito, moto wa wastani kuelekea mdogo, mafuta ya kupangusia tu. Upande wa kwanza dakika nne hadi tano mpaka upate madoa ya kahawia. Geuza, na hapo hapo upake sosi na jibini kwenye upande ulioiva, ufunike dakika nne au tano. Mfuniko ufunge kwa kitambaa cha pamba, ncha zake zikunjwe juu zisifikie moto. Kitambaa kinanyonya mvuke ambao ungedondoka juu ya jibini. Kila unachoweka juu kiwe kimeshaiva: nyama ya kusaga, kuku, soseji. Dakika tano chini ya mfuniko haziivishi nyama mbichi.

Ukitaka kutumia mkaa na kupata juu kahawia, palia moto kama mkate wa kumimina. Sufuria kubwa nzito, mchanga safi ndani kina cha sentimita mbili, mfuniko bapa wa chuma. Pasha dakika kumi, kisha ingiza bati la piza. Mkaa uwe umeshika wote na umeacha moshi; theluthi moja ibaki chini, theluthi mbili ziende juu ya mfuniko. Wengi wanagawa nusu kwa nusu, ndiyo maana chini inaungua na jibini haijayeyuka. Kwa njia hii hata donge la boga linaiva, dakika 20 hadi 25 kwa jumla, ukifungua mara moja tu katikati kupaka sosi. Fanya nje au barazani, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa: gesi ya mkaa inaua na haina harufu.

Koliflawa ni ghali, tena huku kwetu mpaka uifuate Kisutu au supamaketi. Kabichi haiwezi kufanya kazi hiyo? – Gongo la Mboto

Inaweza, na ni binamu yake. Inatoka milima ileile ya Lushoto na bei yake haina ubishi. Ila haipikwi kwa mvuke kwanza. Ikate nyuzi nyembamba kabisa, gramu 500, ichanganye na chumvi kijiko cha chai kimoja, iache dakika 15. Chumvi inavuta maji nje. Isuuze haraka, ikamue kwenye kifumbu, halafu fuata vipimo vya koliflawa bila kuongeza chumvi nyingine. Ongeza karoti moja iliyokwaruzwa na kukamuliwa, ipunguze ukali wa kabichi. Nyuzi zisipokuwa nyembamba kitako kinachanika mtoto anapouma, anabaki na uzi mrefu mdomoni, na hapo umempoteza.

Zukini, lile boga dogo refu la kijani linalofanana na tango, nayo inafanyiwa hivyohivyo, lakini ina maji kuliko zote, asilimia 95 hivi. Anza na gramu 800 ili ubaki na kitu.

Mke wangu anasema tusimwambie mtoto kwamba ndani kuna boga. Mimi naona huko ni kumdanganya. Nani yuko sahihi? – Baba, Kigamboni

Baba, hapa tunaegemea kwako, ila mama hajakosea sana. Hakuna haja ya kutangaza mezani kwamba leo kuna boga. Hakuna anayetangaza kwamba leo kuna chumvi. Lakini akiuliza, aambiwe. Mtoto akigundua mwenyewe kwamba alizungukwa, atakachokataa kesho si boga. Ni piza, na baada ya piza chapati, kwa sababu sasa kila kitu kinashukiwa.

Kuna sababu nyingine. Mboga iliyofichwa inamlisha mtoto leo, haimzoeshi mboga. Mtoto huhitaji kuletewa kitu kipya mara nyingi, hata mara kumi au zaidi, kabla hajakikubali, na kila mara awe anakiona. Kwa hiyo kitako cha boga kiende pamoja na kipande kidogo cha boga pembeni ya sahani, asilazimishwe kukila. Msimwahidi soda akimaliza. Ahadi hiyo inamfundisha kwamba boga ni adhabu na soda ndiyo malipo yake.

Mpeni kazi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kunyunyiza jibini, wa sita anaweza kukamua kifumbu kwa mikono miwili. Aliyekamua mwenyewe kwa kawaida anaonja, japo kwa kutaka kuona kazi yake. Wasionje donge bichi tu, lina unga mbichi, na lile la koliflawa lina yai bichi.

Mkimwona amepungua uzito, au anakataa aina nzima za chakula, au anapaliwa na kutapika kila akipewa kitu chenye chembechembe, mpelekeni kliniki. Huo si uchaguzi wa kawaida wa watoto.

Mwanangu ana mzio wa mayai, na maziwa pia yanamdhuru. Kila kitako cha mboga ninachokiona kina vyote viwili. – Msomaji, Ukonga

Kitako cha boga na kile cha viazi havina yai wala maziwa, kwa hiyo una viwili tayari. Kama unataka cha koliflawa au kabichi, mshikaji mzuri ni unga wa dengu. Kwa gramu 300 za mboga iliyokamuliwa, koroga unga wa dengu vijiko sita vya mezani na maji vijiko vinne, chumvi nusu kijiko cha chai (kwa kabichi iliyokwisha kutiwa chumvi, iache) na mafuta kijiko kimoja cha mezani, uache dakika 15 unga ulowe ndipo uchanganye. Uokwe vizuri, maana unga wa dengu usioiva una uchungu unaobaki kooni. Ongeza dakika tano kwenye muda wa kwanza, kabla ya kugeuza.

Wengine hutumia mbegu za chia, kijiko kimoja cha mezani kwenye maji vijiko vitatu, dakika kumi. Zinashika, ila zile nukta nyeusi zitamtia mtoto mchaguzi mashaka. Zisage kwanza.

Badala ya jibini juu, tui zito nusu kikombe lililochemshwa na unga wa muhogo kijiko kimoja cha mezani na chumvi kidogo linakuwa rojo jeupe linalopakika. Halivutiki kama jibini, lakini likipata moto wa juu linapata madoa ya kahawia na kunukia. Soma pia karatasi ya soseji dukani. Nyingine zina maziwa ya unga.

Shikamooni. Mzee wetu ana kisukari, na watoto wanataka piza hizi za mboga. Anaweza kula nao? – Kijana, Sinza

Marahaba, mwanetu. Inategemea ipi, na msidanganywe na jina la mboga. Kitako kimoja cha boga kina unga wa ngano gramu 175, na unga mweupe ni wanga kwa robo tatu ya uzito wake. Ukikikata vipande sita, kila kipande kina gramu 20 na ushee za wanga kabla ya kuweka kitu juu. Cha viazi kina pungufu, gramu 15 hivi. Cha koliflawa chenye vijiko vitatu vya unga wa muhogo hakifiki gramu 10 kwa kipande. Mtengenezeeni hicho, ale vipande viwili na kachumbari nyingi, na nyama au kuku juu badala ya soseji. Dozi ya dawa asiibadilishe kwa sababu ya piza bila kuongea na daktari wake.

Nataka kutengeneza Jumapili niwe na vya wiki nzima, vingine watoto wabebe shule. Vinakaa muda gani? Na oveni ya umeme si itanimalizia uniti? – Mama, Kimara

Tuanze na uniti. Oveni ndogo ya mezani ya wati 1500, hata ikiwaka bila kujizima kwa saa nzima, inakula uniti moja na nusu. Kwa saa hiyo unaoka vitako vinne ukivipanga kwa zamu huku oveni imeshapata moto. Kinachokula umeme ni kuiwasha upya kila jioni kwa kitako kimoja.

Vioke mara ya kwanza tu, bila kitu juu. Vipoe kabisa juu ya waya au ungo. Ukivifunga vina uvuguvugu vitatoa jasho ndani ya mfuko na kulainika. Panga kwa kutenganisha na karatasi, toa hewa kwenye mfuko. Kwenye jokofu siku tatu, kwenye friza miezi miwili. Havihitaji kuyeyushwa: vitoe friza, paka sosi, ingiza moja kwa moja kwenye oveni ya nyuzi 220, ongeza dakika tatu au nne. Ukiviacha mezani viyeyuke unyevu unatuama juu na umerudi kulekule kwa msomaji wa Tabata. Kitako cha koliflawa kinavumilia friza vibaya kuliko vyote, kitumie ndani ya wiki mbili.

Vya shule vifanye vya viazi, vinabaki laini vikiwa baridi. Paka sosi kidogo sana, jibini iyeyuke na kushika, usiweke nyama wala kuku. Kwa joto letu linalopita nyuzi 32, chakula chenye jibini kisikae nje zaidi ya saa moja. Kwa hiyo weka kwenye kopo lenye chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa ubavuni, na kipande kiwe cha baridi ya jokofu wakati unapofunga kopo asubuhi. Kama shule inakula saa saba mchana na barafu ya chupa haifiki saa hiyo, mpe kitako kitupu kilichopakwa siagi ya karanga, piza aikute nyumbani jioni.